Tufani wa Kae

Kliniki ya punda hufunguliwa saa mbili.
Nyuma ya rafu ya iodini ipo kompyuta moja,
kibodi yake haina tena herufi H,
imefutwa na vidole vilivyoandika Homa, Hajalipa, Hatutibu mbuzi.
Hapo ndipo ninapojifunza.

Daktari anataka ukurasa wa wavuti:
punda gani, wa nani, kidonda kiko wapi,
sindano ya pepopunda lini.

Kitabu kinasema nianze na vigeu.
Nyumbani neno hilo hurudiwa mara mbili,
kigeugeu, na hapo mama anamsema mjomba Shee
aliyeposa nyumba tatu akaoa ya nne.
Hiki si hicho.
Kigeu hiki hakijigeuzi. Hugeuzwa,
na mwenye kukigeuza ni mimi.

Na kila kimoja huanza na alama ya dola.
Nilicheka peke yangu. Dola! Mimi, Sauda wa Langoni,
mwenye shilingi mia mbili hadi Ijumaa!
Nikaziandika bila choyo:

    $tufani = "dume, miaka 19, kovu begani";
    $mwenyewe = "Bwanahaji Famau";

Vile vistari viwili vya usawa si mizani ya dukani.
Havisemi huku ni sawa na kule.
Vinaamrisha: cha kulia kichukue,
kiweke kushoto, na kuanzia sasa kiite hivyo.

Saa nne nikakwama.
Skrini inasema kigeu hakijulikani.
Hakijulikani vipi, nimekitangaza mwenyewe!
Nikapekua mstari baada ya mstari, kama mtu atafutaye chawa.
Juu $tufani, chini $Tufani.
Herufi kubwa moja tu, na mashine inaapa haijapata kumwona.
Mimi nikibadili buibui, hata paka wa sokoni wananitambua.

Baada ya adhuhuri Bwanahaji akaingia na kitoto cha punda,
masikio marefu kuliko adabu.
"Tufani kafa Jumanne. Huyu naye ni Tufani."
Nikaandika:

    $tufani = "jike, miezi saba, hana kovu";

Akavuta kigoda, akasoma taratibu, midomo ikitikisika.
"Na wa kae yu wapi?"
Hayupo, nikamwambia. Jina hushika kimoja.
Cha pili kikiingia, cha kwanza hutoka.
"Hutoka kikenda wapi?"

Kitabu hakisemi. Kinasema tu nafasi hurudishwa.

Akanyamaza. Mtoto wa punda akala kona ya kalenda.
"Alibeba mawe ya nyumba yangu yote.
Alimbeba mamangu usiku wa mvua, mpaka hospitali,
hakuteleza hata mara moya.
Nawe umemtoa kwa mstari."

Basi nikarudi juu, juu ya mstari ule,
nikaupenyeza mwingine:

    $tufani_wa_kae = $tufani;

Mpangilio ndio kazi. Kwanza mhamishe mzee,
ndipo umkaribishe mtoto.
Ukiigeuza mistari hii miwili
utapata mtoto mara mbili,
na mzee hayupo popote, wala mashine haitalalamika.

Nikaufungua ukurasa. Wakatokea wote,
mmoja chini ya mwingine, kovu na bila kovu.
Bwanahaji akaweka kidole kwenye kioo, penye bega.
"Ina moya," akasema, "punda wawili."
Akalipa sindano, akaondoka akivutwa.

Sikumwambia kwamba ukurasa ukishafunguka
seva humwaga vyote, wa kae na wa leo,
dola zangu zote, ikaanza upya kama haijasikia kitu.
Dawa yake iko sura ya tisa. Mimi niko ya pili.

Nikavuta daftari la jalada gumu, lenye madoa ya chai,
nikaandika kwa kalamu inayovuja:
Tufani. Dume. Miaka 19.
Kovu, begani, la kulia.
Nikapuliza wino ukauke.